Uwanja Ulioanzia Pugu

Anayetaka kuielewa Sanamu ya Askari, ile iliyosimama mjini pale Samora inapokutana na Maktaba, asianzie Posta. Aanzie huku kwetu Pugu, vilimani, kwenye msitu na udongo mweupe wa kaolini. Mambo yaliyoipandisha sanamu ile juu ya jiwe lake yalianza huku, na wengi wanaoizunguka kila asubuhi ndani ya daladala hawajawahi kuambiwa.

Mwaka 1888 wamisionari wa Kibenediktini kutoka Ujerumani walipiga kambi Pugu. Hawakuja wakati mzuri. Mwezi Agosti mwaka huohuo, Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilipandisha bendera yake Pangani mbele ya watu wasiotaka kutawaliwa na wafanyabiashara waliotoka mbali, na pwani nzima ikachafuka. Abushiri bin Salim akaongoza vita. Tarehe 13 Januari 1889 vita hiyo ilifika Pugu. Misheni ikavamiwa, wamisionari kadhaa wakauawa, wengine wakachukuliwa mateka. Hazikupita wiki tatu, Bunge la Ujerumani mjini Berlin likapitisha mark milioni mbili za kuizima vita ile, na kazi akapewa Hermann Wissmann.

Wissmann hakuja na jeshi la Wajerumani watupu. Alikuja na maofisa wachache wa kwao na mamia ya askari wa Kiafrika: Wasudani waliokusanywa Misri, na Wazulu kutoka Msumbiji. Nawaomba wasomaji wawashike kichwani hao wa Msumbiji, maana tutakutana nao tena mbele. Kabla mwaka haujaisha Abushiri alikamatwa, na tarehe 15 Desemba 1889 akanyongwa Pangani.

Miaka ishirini baadaye, mwaka 1909, Wajerumani walimsimamishia Wissmann sanamu Dar es Salaam. Nimeitazama mara nyingi katika picha za zamani, na kila nikiitazama jicho langu linashuka chini, kwa mtu wa pili. Juu kabisa amesimama Wissmann, mkono kwenye upanga, macho mbali. Chini, miguuni pa jiwe, amewekwa askari Mwafrika. Ameinua uso kumtazama bwana wake, na bendera anayoishika inamfunika simba aliyelala chini akifa. Hakuna haja ya kumfafanulia mtu simba yule ni nani. Mchongaji alikuwa fundi hodari, na hodari wa jambo baya. Katika kipande kimoja cha shaba aliweza kusema kwamba bara limeuawa, kwamba aliyelifunika sanda ni mtoto wake mwenyewe, na kwamba mtoto huyo anaona fahari.

Waingereza waliuteka mji Septemba 1916. Sanamu ya Wissmann ikang'olewa, ikasafirishwa hadi Uingereza, kisha ikarudishwa Ujerumani, na mwaka 1922 ikasimamishwa mbele ya Chuo Kikuu cha Hamburg. Ilikaa hapo hadi wanafunzi wa chuo kile, waliokuwa wamesoma kidogo habari za Abushiri na wenzake, walipoiangusha kwa kamba mwaka 1967. Ikasimamishwa tena, wakaiangusha tena mwaka 1968. Haikurudi juu ya jiwe lake.

Kwetu huku, Waingereza walikuwa na jibu lao. Mwaka 1927 walizindua Sanamu ya Askari, kazi ya mchongaji James Alexander Stevenson, aliyeichonga kwao, ikaletwa kwa meli. Simama pale siku ya Jumapili magari yakiwa machache, uitazame bila kukimbizwa. Askari yuko peke yake. Hakuna ofisa wa Kizungu juu yake wala pembeni yake. Amevaa kaptula, mwili umeinama kidogo mbele kama mtu aliyesikia kitu kichakani, bunduki mikononi, na singe yake imeelekea bandarini. Yule aliyekuwa miguuni mwaka 1909 amepanda juu, bwana ameondoka, simba ameondoka. Kwa macho ya sanaa peke yake, hayo ni mapinduzi makubwa.

Lakini macho ya sanaa peke yake hayatoshi. Adui aliyekuwa mbele ya bunduki ile ni nani? Katika vita ya 1914 hadi 1918, jeshi la Wajerumani chini ya Lettow-Vorbeck lilikuwa la askari Waafrika, na jeshi la Waingereza lililomfukuza, hasa miaka ya mwisho, lilikuwa la askari Waafrika pia. Mmatumbi alimpiga Myao, Msukuma akampiga Mkamba, kwa ugomvi ulioanzia Ulaya. Lettow-Vorbeck aliweka silaha chini Abercorn, ambayo leo ni Mbala, Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, siku kumi na nne baada ya Ulaya kunyamaza. Askari wa pande zote mbili waliobaki hai walirudi Dar es Salaam hiihii, wakaishi mtaa mmoja, wakaswali msikiti mmoja, wakawa wanapita chini ya sanamu inayowaenzi baadhi yao kwa kuwaua wengine.

Wataliano wanaujua mchezo huu wa viwanja na sanamu kuliko watu wengi. Pale Firenze, katika uwanja uitwao Piazza della Signoria, raia walipoifukuza familia ya Medici, waliichukua kutoka jumba lao sanamu ya Yudithi, kazi ya Donatello, mwanamke anayemkata kichwa dhalimu, wakaiweka mbele ya jumba la serikali mwaka 1495. Kila mtawala aliyefuata aliisoma kama onyo. Mwaka 1504 nafasi ile ikachukuliwa na Daudi wa Michelangelo, kijana mwenye kombeo aliyemshinda jitu. Hatua chache kutoka hapo kuna bamba la jiwe chini sakafuni linaloonyesha mahali Savonarola, padri aliyeutikisa mji, aliponyongwa na kuchomwa moto mwaka 1498. Daudi mwenyewe alihamishiwa makumbusho mwaka 1873, na anayesimama uwanjani leo ni nakala yake ya mwaka 1910.

Ninachokipenda Firenze si uzuri wa mawe yake, ingawa ni mazuri. Ni kwamba uwanja wao umeweka hoja na majibu yake pamoja. Mtoto wa shule anaweza kumtazama Yudithi, akageuka kumtazama Daudi, akainama kulisoma bamba la Savonarola, na akajua kwamba mji wake uligombana na nafsi yake kwa karne nyingi, na nani alishinda lini. Uwanja wetu umebaki na jibu moja. Swali lake liliangushwa Hamburg, na mwanzo wa swali, yaani Pugu, hauna hata kibao cha kumwelekeza mgeni.

Tulipopata uhuru tungeweza kuing'oa sanamu ile. Mtaa unaopita chini yake ulibadilishwa jina mara mbili: Acacia Avenue ikawa Independence Avenue, kisha ikawa Samora. Askari hakuguswa, na mimi naamini waliomwacha walifanya sawasawa. Yeye si gavana. Ni Mwafrika asiye na jina, na maandishi yaliyo chini yake, ambayo Waingereza walimwagiza Rudyard Kipling ayatunge na yakawekwa kwa Kiingereza na kwa Kiswahili cha hati ya Kiarabu na cha hati ya Kirumi, yanawataja pia wapagazi. Hapo kwenye wapagazi ndipo ninapotaka kukaa, maana hapo ndipo shaba ilipowatupa.

Vita ile haikupiganwa kwa magari. Ndorobo waliua farasi, punda na ng'ombe, barabara hazikuwepo, na kila risasi, kila gunia la unga, kila kipande cha mzinga kilipita juu ya kichwa cha mtu. Watu walichukuliwa kwa mamia ya maelfu kutoka Kenya, Tanganyika, Uganda, Nyasaland na Kongo. Wengi hawakwenda kwa hiari. Walikufa kwa makumi ya maelfu, na waliouawa kwa risasi walikuwa wachache. Waliuawa na kuhara, homa ya mapafu, malaria na njaa: watu waliolishwa chakula wasichokijua, kisichoiva vizuri, wakalala kwenye mvua bila blanketi. Nairobi, sanamu ya Stevenson yuleyule ina watu watatu, na mmoja wao ni mpagazi. Dar es Salaam mpagazi alipewa maneno, akanyimwa umbo.

Pugu Kajiungeni yupo mzee mmoja jirani yangu, amepita miaka themanini, ambaye humsikii akizungumzia sanamu. Nilimwamkia siku moja, "Shikamoo babu," akaitikia, tukakaa kwenye benchi lake nje ya genge, na katika maongezi ya mvua na bei ya mihogo akanitajia kwamba babu yake mzaa baba alichukuliwa kubeba mizigo. "Walikuja watu na kamba," akasema. "Akaenda. Bibi alikaa eda yake bila kuiona maiti, maana baada ya miaka watu walisema sasa basi, huyu harudi." Nikamuuliza kama walipata barua au fedha yoyote. "Nani amwandikie, mjukuu wangu? Jina lake hawakulichukua sawasawa hata siku waliyomchukua yeye."

Maneno hayo nimeyabeba tangu siku ile. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti juu ya nafsi yake yenyewe. Ilikiri kwamba baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia, wafu wa Kiafrika na Kiasia wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao ni wa Afrika Mashariki. Askari Mzungu aliyekufa kando ya mto Rufiji ana kaburi, jiwe, jina, cheo na tarehe. Wapagazi waliombebea maji ya kunywa wana sanamu ya mtu mwingine.

Na pwani hii haikuwa na upungufu wa watu wanaojua kumkumbuka mtu kwa mti uliochongwa. Wazaramo, wenyeji wa vilima hivi kuanzia Pugu na Kisarawe hadi Maneromango, walichonga nguzo za makaburi, mtu juu ya nguzo, zikasimama makaburini zikinyeshewa na kuliwa na mchwa hadi zinarudi ardhini. Walichonga pia vinyago vidogo viitwavyo mwana hiti. Ukikipata kimoja mkononi, kinaenea kwenye kiganja: kiwiliwili cha mviringo kisicho na mikono wala miguu, matiti mawili madogo, kitovu, shingo, na kichwa chenye nywele zilizopandishwa pande mbili kama upanga wa jogoo. Uso umeachwa karibu mtupu. Mwali aliyewekwa ndani alipewa mwana hiti huyo, akampaka mafuta, akamtunza nywele kama anavyotunzwa yeye mwenyewe, hadi siku ya kutolewa nje. Vingi vilivyobaki vimeng'aa kwa jasho na mafuta ya mikono ya wasichana waliokwisha kufa.

Hiyo ndiyo sanaa ya uchongaji ya Dar es Salaam, ya wenye ardhi. Haikuwahi kupandishwa juu ya jiwe katikati ya barabara, na sidhani kama wenyewe wangetaka. Ilikuwa ni sanaa ya kushikwa, ya mtu mmoja na mwanawe, ya kaburi moja na ukoo wake. Naitaja hapa kwa sababu tumezoea kuamini kwamba kumbukumbu ni kitu kirefu kilichowekewa uzio, kinachotazamwa kutoka mbali. Mzaramo alikumbuka kwa kushika.

Sasa turudi kwa wale wanajeshi wa Msumbiji. Mmoja wa Wazulu waliokuja na Wissmann aliitwa Sykes Mbuwane. Alipata mtoto aliyeitwa Kleist, aliyezaliwa Pangani, mji aliponyongewa Abushiri. Kleist Sykes alipigana Vita ya Kwanza upande wa Wajerumani, na mwaka 1929 akawa miongoni mwa walioanzisha African Association Dar es Salaam, miaka miwili tu baada ya Sanamu ya Askari kuzinduliwa. Mwanawe Abdulwahid alipelekwa Burma na King's African Rifles katika vita ya pili, akarudi, akaongoza chama kilekile kikiwa sasa Tanganyika African Association. Vizazi vitatu, majeshi mawili ya wakoloni, na mwisho wake ni chama cha kuwaondoa wakoloni. Kama kuna familia inayoweza kuisoma Sanamu ya Askari kutoka ndani, ni hiyo.

Na mtu aliyemrithi Abdulwahid uongozini mwaka 1953 alitoka wapi? Alitoka Pugu. Julius Nyerere alikuwa mwalimu St. Francis, shule ya Wakatoliki ya huku vilimani, ambayo leo ni Sekondari ya Pugu. Alifundisha watoto historia, kisha akashuka mjini, kilomita ishirini na ushei, kukutana na kina Sykes Kariakoo. Tarehe 7 Julai 1954 chama cha TANU kikazaliwa Mtaa wa New, ambao leo ni Lumumba. Machi 1955 Nyerere alikwenda New York kuzungumza Umoja wa Mataifa, na aliporudi akalazimika kuchagua kati ya chaki na siasa. Akaiacha chaki. Barabara aliyokuwa akishukia mjini iliitwa Pugu Road. Leo tunaiita Nyerere, na abiria anayepanda gari Kajiungeni kwenda Mnazi Mmoja, akipita Gongo la Mboto, Ukonga na Tazara, anasafiri juu ya jina lake njia nzima.

Mjukuu wa mwanajeshi aliyeletwa kuizima vita iliyofika Pugu alimpokea mwalimu kutoka Pugu, nao wakaumaliza utawala wa kikoloni ulioanza na vita ile. Uwanja mwingine wenye habari kama hiyo ungeichonga kwenye mawe kuta nzima.

Mnazi Mmoja, ambako gari letu linashusha, napo ni uwanja wenye siri yake. Waingereza waliuacha wazi makusudi, ili uwe mpaka kati ya Uhindini na mitaa ya Waafrika. Kwa kisingizio cha afya walikuwa wanatenga watu kwa rangi. TANU wakauchukua mpaka ule wakaujaza watu. Baada ya uhuru ukajengwa mnara wenye mwenge, na kwa miaka mingi Siku ya Mashujaa, 25 Julai, viongozi waliweka pale mkuki, ngao, sime, shoka, upinde na mshale. Naiheshimu sherehe ile. Ila naona kwamba hata pale, mikono ya heshima imeshika silaha. Mwenye mzigo kichwani hajafika bado.

Hata hivyo yupo mahali, na ni mwendo wa dakika chache kwa miguu kutoka kwenye mnara. Waingereza walipouteka mji waliwakusanya wapagazi wa Carrier Corps kwenye eneo ambalo Wajerumani walikuwa wamejenga soko. Vita ikaisha, wapagazi wakaondoka, jina likabaki kinywani mwa watu: Kariakoo. Kila anayekwenda kununua vitenge au simu anawataja, bila kujua.

Na pale Kariakoo pana jengo ambalo kwangu mimi ndilo kazi kubwa ya sanaa ya mji huu. Soko lililofunguliwa mwaka 1975 lilisanifiwa na Beda Amuli, Mtanzania, mmoja wa wasanifu majengo wa kwanza Waafrika katika ukanda wetu. Amuli hakuiga soko la Ulaya. Alikumbuka kwamba soko la Kiafrika hukaa chini ya mti, akajenga miti ya zege: nguzo imara zinazopanda juu na kufunguka, kila moja ikibeba kipande chake cha paa. Hewa ya joto inatoka juu, mvua inapokewa na paa na kushuka ndani ya nguzo, mwanga unaingia kati ya mti na mti. Chini yake watu, magunia, sauti. Simama kwenye ngazi utazame juu, utaona jinsi uzito wote ule unavyosimama kwenye shina jembamba. Sijui kama Amuli aliwafikiria wapagazi alipochora michoro yake. Ninachokiona ni jengo linalobeba, katika mahali palipopewa jina la wabebaji, na chini yake wachukuzi wa leo, vijana wenye mikokoteni na magunia mabegani, wakiomba njia.

Soko liliungua Julai 2021. Wengi tulilia, na si wafanyabiashara peke yao. Ukarabati ukafuata, na nguzo za Amuli zimesimama.

Ninachokitaka ni kidogo na nakitaka kwa moyo wote. Askari abaki pale alipo, singe yake bandarini. Pugu ipate kibao chake, kinachoeleza mwaka 1889 bila kuficha waliouawa misheni wala waliouawa kwa kulipiza. Lakini majina ya wapagazi yasipelekwe Posta wala Mnazi Mmoja. Yaandikwe Kariakoo, kwenye nguzo za soko, usawa wa kifua, mahali mkono wa mtu unapofika. Yaandikwe kwa Kiswahili, jina la mtu, la baba yake, na kijiji alichochukuliwa.

Ataulizwa mtu: majina yenyewe yako wapi, na nyaraka za wakoloni hazikuyaandika? Baadhi yamo vichwani mwa wazee wa Pugu, Kisarawe, Mzenga na Maneromango, wanaoitaja mizimu ya ukoo kila wanapofanya tambiko au kusoma hitima. Wanafunzi wa Sekondari ya Pugu wana madaftari na wana likizo ya Juni. Wakianza na benchi moja la nje ya genge pale Kajiungeni, jina la kwanza litapatikana mchana huohuo, maana mjukuu wake analijua, na ameshasema yuko tayari kulitaja.